Nimeapa Mdomo, Sikuapa Mkono

Ruiru,
Jumamosi, 11 Januari 2025

Kwa Mbula binti Rajabu, mwenye jina la mama yangu,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mama yako, shemeji yangu. Sisi huku Ruiru tuko, alhamdulillahi. Nakhumicha, mke wangu, ana mafua ya vumbi. Wanachimba barabara mbele ya nyumba tangu Desemba na hawaonyeshi dalili ya kujua wanatafuta nini. Mwanangu Nzau amepata kazi kwenye timbo la mawe kule Juja. Mimi mwenyewe nimenenepa, mkanda umefika tundu la mwisho, na tundu hilo nililitoboa kwa msumari.

Utashangaa kwa nini mtu wa Ruiru anamwandikia barua mtu wa Thika, mwendo wa nusu saa tu barabara ikiwa nzuri. Hushangai, unajua. Siku ya hitma ya marehemu baba yako nilisimama mbele ya watu nikaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba mguu wangu hautakanyaga tena nyumba yenu, na mdomo wangu hautasema nawe. Nimekaa na kiapo hicho miezi mitatu, nikakigeuzageuza kama ninavyokagua ini la ng'ombe, na nikaona kitu. Niliapia mguu, nikaapia mdomo. Mkono sikuutaja.

Kwa hiyo naandika. Barua inakuja na Mwas, yule dereva anayepeleka nyama kwa mabucha ya Thika kila asubuhi. Aliniuliza, "Mzee, si umpigie tu simu?" Nikamwambia mdomo umefungwa. "Basi mtumie WhatsApp." Nikamwonyesha simu yangu ya vibonyezo. Akanitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye ng'ombe anayesubiri zamu pale kichinjioni ninapochinja.

Sasa jambo lenyewe. Jumapili iliyopita Zakaria Githae alifika hapa na wazee wawili kuleta posa. Ni kijana mzuri. Nilimuuliza maswali ya swala nikijua amesilimu miaka minne tu iliyopita, akanijibu vizuri kuliko ninavyoweza kujibu mimi, ikabidi nibadilishe mazungumzo tuongee juu ya umeme, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Nimekubali. Wanataka nikaha iwe Ijumaa tarehe 25 Aprili.

Huna baba, huna kaka, babu alishatangulia. Walii wako, mwenye haki ya kukuoza, ni mimi. Na walii anaruhusiwa kumtuma wakili. Nitamwandikia Nzau karatasi, niitie sahihi mbele ya mashahidi, aje akuoze kwa niaba yangu. Sheria imetimia, kiapo kimebaki kizima, na wewe umeolewa. Nikasema moyoni, Sefu, kumbe una akili.

Nisalimie shemeji.

Baba yako mdogo,
Sefu Nzioki


Thika,
Jumapili, 2 Februari 2025

Baba mdogo,

Wa alaikum salaam. Mama mzima, ila magoti yanamsumbua asubuhi kukiwa na baridi. Mimi kiwandani nimehamishwa kutoka laini ya kola hadi laini ya zipu. Mpe Mama Nzau pole ya mafua.

Barua yako ilikaa siku tisa kwenye gari la Mwas, chini ya gunia la matumbo. Niliisoma nimeziba pua. Mama aliisoma bila kuziba. Alicheka mahali pawili, akalia mahali pamoja, na sikumuuliza wapi.

Wacha niandike kilichotokea siku ya hitma, kwa sababu katika barua yako kiapo kimeshuka chenyewe kama mvua. Uliombwa useme neno fupi. Ukasema dakika arobaini. Mada ulichagua mwenyewe: kuizuia nafsi. Ukatueleza unavyofunga Jumatatu na Alhamisi. Ukatueleza ulivyoacha miraa, ulivyoacha sigara, na jinsi mtu anavyotakiwa kuishika nafsi yake kamba fupi kama fahali mkali. Watu wamekaa kwenye mikeka, pilau linapoa, wazee wanatazamana. Ndipo nikasema kutoka upande wa wanawake, na maneno yangu nayakumbuka: "Baba mdogo, baba alikungoja miaka miwili kwa sababu ya hasira zako. Hiyo nafsi unayotuambia, umeifunga wapi?"

Hayo ndiyo niliyosema. Sikutukana. Ukaapa, ukavaa viatu, ukaenda.

Sasa unaniletea karatasi. Baba mdogo, siolewi kwa karatasi. Sina ubaya na Nzau, ni kaka yangu, lakini sitaki aje na sahihi yako mfukoni kama mtu aliyetumwa kuchukua mzigo. Nataka wewe. Uvuke kizingiti cha nyumba ya baba kwa huo mguu, ukae kwenye mkeka, useme kwa huo mdomo kwamba umenioza. Na kabla ya hapo umpe mama pole ambayo hukumpa baba akiwa mgonjwa.

Ukishindwa, niambie umeshindwa. Usiniambie una akili.

Mbula


Ruiru,
Ijumaa, 7 Februari 2025

Mbula,

Salamu. Wote wazima. Mafua yamepona.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama nje ya kichinjio na aproni bado iko mwilini, na nimeshindwa kungoja nifike nyumbani. Hii karatasi ni ya nyuma ya fomu ya daktari wa mifugo. Ukiona imeandikwa "mapafu safi", usidhani ni yangu.

Wewe ni nani wa kunipima nafsi yangu? Nilipoacha miraa nilitetemeka siku kumi na moja, na wewe ulikuwa hujui kufunga kamba za viatu. Nilipoacha sigara nilitafuna vijiti mpaka fizi zikatoa damu. Nafunga Jumatatu na Alhamisi huku nikifanya kazi katikati ya nyama, harufu ya ini linalochomwa na vijana iko puani, na sijawahi kula hata kipande. Nimepigana na hii nafsi miaka thelathini. Halafu binti niliyembeba mabegani kwenda kutazama maonyesho ya kilimo anasimama mbele ya majirani zangu, mbele ya wazee wa msikiti wa Thika, ananiuliza nimeifunga wapi.

Unasema hasira zangu. Hujui ilivyokuwa. Uliambiwa, hukuwepo. Ilikuwa Idi ya kuchinja, uwanja umejaa, watu sitini hivi na wanyama wao. Jamaa mmoja akaruka foleni na mbuzi wake. Nikamwambia arudi. Akanijibu vibaya. Tukaanza kubishana, ndiyo, na kulikuwa na kondoo amelazwa mbele yangu, na kisu kiko mkononi mwangu, ndiyo. Baba yako akaja, akanishika kifundo cha mkono, akachukua kisu. "Sefu, keti chini. Una hasira. Hutachinja hivyo." Mbele ya watu sitini. Mbele ya vijana niliowafundisha mimi mwenyewe namna ya kushika kisu. Miaka ishirini na miwili nachinja, Wakikuyu wa Ruiru nzima wananiita nyumbani kwao kwenye sherehe zao ili wageni Waislamu waweze kula, na ndugu yangu ananikalisha kama mtoto.

Na yule wa mbuzi alichinjiwa kwanza. Hilo pia halikuandikwa popote.

Kalamu imetoboa karatasi hapo juu. Samahani. Hapana, si samahani.

Kiapo ni jina la Mwenyezi Mungu. Si kanzu, ukiiona imekubana unaivua. Nzau atakuja na karatasi. Usipomtaka Nzau, basi tafuta walii mwingine.

Sefu Nzioki


Ruiru,
Jumapili, 9 Machi 2025

Mbula,

Assalamu alaikum, na Ramadhani njema kwako na kwa shemeji. Ni mwezi mzima hujajibu. Namuuliza Mwas kila siku kama amekupelekea barua, anasema amepeleka. Nikamuuliza kama ameangalia chini ya gunia. Ameapa. Nimemwambia aache kuapa.

Huku tumefunga. Nakhumicha anapika uji wa pilipili manga na anauficha nisiuone kabla ya magharibi. Ananichukulia kama paka. Nzau amejiponda kidole gumba na jiwe lakini atapona.

Nataka nikueleze kilichonipata, ingawa hakinipendezi. Ijumaa iliyopita nilimfuata shekhe wetu wa hapa Ruiru baada ya swala. Nilikwenda kutafuta mtu wa kuniunga mkono, nakwambia ukweli. Nilitaka nikuandikie, "Shekhe naye amesema."

Nikamwambia, "Shekhe, nina kiapo nimekilinda miezi mitano."

"Mashaallah. Uliapa kufanya nini?"

"Kutosema na binti wa ndugu yangu, na kutoingia kwao."

"Na hicho ndicho unachokilinda?"

"Ni jina la Mungu, shekhe."

"Jina la Mungu umelisimamisha mlangoni liwe bawabu wa hasira yako," akasema. Hakupandisha sauti. Alikuwa anakunja mkeka.

Akanieleza jambo ambalo nalijua tangu madrasa ya Kitui, na ambalo hata wewe unalijua, ndiyo maana sikukutajia: kwamba aliyeapa kisha akaona lililo bora kuliko kiapo chake, afanye lililo bora, atoe kafara. Kafara ni kuwalisha maskini kumi au kuwavisha. Asiye na uwezo huo ndiye anafunga siku tatu.

Hapo nikaona mlango. Nikamwambia, "Nitafunga, shekhe. Si siku tatu, hata thelathini baada ya Ramadhani. Kufunga nakuweza."

"Hukuulizwa unachokiweza. Unao uwezo wa kulisha, utalisha."

"Lakini kufunga si ni kugumu zaidi?"

"Kwako wewe? Kwako kufunga ni starehe, Sefu. Ukifunga unajiona."

Mbula, nilitoka pale bila hata kumuaga. Nilitembea mpaka nyumbani kwa miguu nikiongea peke yangu, na watu wa Ruiru wakanipisha njia. Nakhumicha akaniuliza nimemkasirikia nani. Nikamweleza. Akasema, "Kwa hiyo sasa na shekhe umemkasirikia. Tutaanza kuswalia wapi, Kitale?" Nikamwambia asicheze na mambo ya dini. Akasema, "Baba Nzau, mimi nilikuja kwenye dini hii kwa sababu yako, na mtu wa kwanza kunifundisha subira ni wewe. Sijui ulikuwa unaisoma wapi."

Nimelisikia neno la shekhe. Sijasema nimelikubali. Nimelisikia tu, na linanisumbua kama mfupa mdogo wa samaki. Kila nikilimeza liko pale pale.

Nimefunga, kwa hiyo sigombani. Ukitaka kunijibu vibaya, nijibu saa za mchana, wakati siwezi kujibu.

Baba yako mdogo,
Sefu


Thika,
Jumapili, 23 Machi 2025

Baba mdogo,

Ramadhani njema. Barua zote mbili nilizipata, Mwas hana kosa. Sikujibu ile ya kwanza kwa sababu kila nilipoanza niliandika kitu ambacho mama angekikuta. Mama hajambo, anafunga ingawa namkataza. Mpe Nzau pole ya kidole.

Umenieleza siku ile ya kisu. Sasa nami nikueleze siku ambazo hukuwepo wewe.

Idi ya kuchinja iliyofuata baba alinunua mbuzi kama kawaida. Watu walichinja asubuhi baada ya swala. Baba hakuchinja. Alimfunga mbuzi kwenye nguzo ya nyuma, akakaa na kiti chake, kisu kimefungwa kwenye kitambaa. Mama akamuuliza. "Sefu atakuja achinje." Adhuhuri ikapita. Majirani wanapita na nyama kwenye sahani, wanauliza nyinyi vipi. "Tunamngoja mdogo wangu." Mbuzi analia, baba anamletea maji. Mpaka Alasiri. Ndipo akachinja mwenyewe, na mkono wake ulikuwa umeshaanza kutetemeka na ule ugonjwa, mimi ndiye niliyemshika mbuzi kichwa.

Mwaka uliofuata alifanya vilevile. Nilimwambia, baba, hatakuja, una haja gani ya kujiaibisha. Akanikaripia. Mimi, si wewe. Akasema, "Nilimshika mkono mbele ya watu. Ningemvuta pembeni. Hiyo ilikuwa nafsi yangu mimi." Mwaka wa tatu alikufa kabla Safari hajapata kumnunulia mbuzi. Safari ni yule jirani aliyekuwa akimsaidia kwenda sokoni. Wewe humjui, kwa sababu hukuja.

Kwa hiyo nisamehe kama mafundisho yako juu ya kamba fupi yalinichoma.

La pili. Nimekwenda ofisi ya kadhi hapa mjini. Karani ni mama mmoja mpole, alinisikiliza hadi mwisho. Akaniambia walii akikataa bila sababu ya kisheria, kadhi ana mamlaka ya kuoza yeye mwenyewe. Akanipa fomu. Mama aliificha ndani ya kopo la unga. Nimeipata. Nikiijaza, naandika jina lako kwenye mstari unaosema "walii aliyekataa", na jina hilo litabaki kwenye faili la serikali sisi sote tukiwa tumezikwa. Nitaipeleka Jumatatu tarehe 14 Aprili. Baada ya hapo usije hata ukitaka.

La tatu silitaki lakini nitaliandika. Zakaria ananiambia nimkubali Nzau. Anasema ndoa inatimia na Nzau, dini haidai zaidi, na kwamba ninachotaka mimi ni kukuona wewe umepiga magoti. Nilikaa siku mbili bila kusema naye. Ilikuwa rahisi sana, kumbe. Siku ya tatu nikaogopa, kwa sababu nilikuwa ninafanya kama wewe na sikuhitaji hata kuapa.

Pengine ni kweli nataka kukuona umepiga magoti. Bado siolewi kwa karatasi.

Mbula


Ruiru,
Jumapili, 6 Aprili 2025

Mbula, mwanangu,

Assalamu alaikum, na Idi njema imepita. Nakhumicha anakusalimu, anasema amekushonea leso ya kufunika keki, sijui keki inafunikwa kwa nini. Nzau amerudi kazini.

Barua yako niliisoma mara moja nikaiweka kwenye mfuko wa kanzu, na nikaswali nayo Idi. Sikujua Rajabu alisema hivyo. Miaka miwili nilingoja mtu aniambie kwamba ndugu yangu alikosea kunishika mkono mbele ya watu. Alikuwa ameshasema. Alikuwa anasema na mbuzi.

Sasa mimi pia niseme langu, na sijalisema kwa mtu, hata kwa Nakhumicha.

Nilikuja hospitali. Nilikuja mara mbili. Mara ya kwanza niliishia getini, nikanunua machungwa, nikayala yote nimesimama, nikarudi Ruiru. Mara ya pili nilifika mpaka mlango wa wodi. Mlango ule una kioo. Nilikuona wewe umekaa kitandani unamkata baba yako kucha. Alikuwa amekuwa mdogo, Mbula. Yule mtu aliyekuwa akinibeba akivuka mto na mimi juu, mkono wake ulikuwa kama wa mtoto ndani ya mkono wako. Nikasimama pale. Nikasema moyoni, aniite yeye. Yeye ndiye alininyang'anya kisu, basi aniite yeye, niingie. Nikangoja aniite. Yeye hajui niko nyuma ya mlango, na mimi nangoja aniite. Nesi akanipita na toroli, akaniuliza, "Mzee, unamtafuta nani?" Nikasema nimekosea wodi.

Ile wiki watu wakaniuliza kwa nini sili, nikawaambia nimefunga.

Ndiyo maana nilipokusikia siku ya hitma niliapa haraka namna ile. Ungesema neno moja zaidi ningelia mbele ya watu, na mimi niliona ni afadhali niape.

Kafara nimetoa. Niliwalisha jana hapa nyumbani. Nilitaka kupeleka nyama tu, mguu mzima wa ng'ombe, uonekane. Nakhumicha akakataa. Akasema shekhe amesema kulisha, hakusema kurusha. Akapika wali na mchuzi, chakula kile kile tunachokula sisi, akanipa birika na beseni niwanawishe mikono mmoja mmoja. Walikuwa wale akina mama wanaoosha matumbo kichinjioni, ambao kwa miaka ishirini na miwili nimewapita nikielekea mbele na kisu changu, na wazee watatu wa mtaa. Jina la mama mmoja ni Akoth. Nilikuwa silijui. Mzee mmoja akaniuliza, "Hiki chakula cha nini, kuna harusi?"

"Ni cha mdomo wangu."

"Ulisema nini?"

"Nilisema mengi."

"Basi tuongezee mchuzi," akasema, akanyoosha sahani.

Walipoondoka nikachukua simu nikakupigia. Niliona nianze na mdomo, mguu ufuate. Ikakata. Nikapiga tena, ikakata. Mara ya tatu Nzau akaniambia, "Baba, usijisumbue, amekublock." Nikamuuliza ndiyo nini. Akanieleza kwamba umenifungia nje, kwamba simu yangu haiwezi kukufikia hata nikipiga mpaka kesho. Sikumwamini. Nikamwendea Mwas, nikapiga na simu yake. Ikaita vizuri kabisa. Nikakata kabla hujapokea, maana sikutaka kuja kwako kwa kujificha nyuma ya jina la Mwas.

Mbula, nimekasirika. Nimevunja kiapo, nimewanawisha watu mikono, nimemwondoa bawabu wangu mlangoni, halafu nakuta wewe una wako, na wa kwako hana hata haja ya kulishwa. Tangu lini? Miezi yote hii unaniandikia njoo kwa mguu, sema kwa mdomo, na mdomo umeuziba wewe?

Tumefundishwa kwamba mwenye hasira akiwa amesimama aketi. Nimeketi. Haikuondoka. Tumefundishwa kwamba isipoondoka alale. Nimelala. Ndiyo maana mistari hii inapanda juu kama unavyoona, naandika kifudifudi na tumbo halinisaidii.

Bado haijaondoka. Lakini kiapo hakipo tena, na sitaki kuweka kingine. Nifungulie, au uniambie hapana. Lolote utakaloniambia nitalichukua. Nikaha yako nitaisimamia hata mkinikalisha jikoni.

Baba yako mdogo,
Sefu


Thika,
Jumamosi, 12 Aprili 2025

Baba mdogo,

Wa alaikum salaam. Mama mzima. Mwambie Mama Nzau ahsante kwa leso, keki tutaitafuta. Barua hii nimempa Mwas mkononi, na nimesimama hapo mpaka akaiweka mbele kwenye dashibodi.

Umeuliza tangu lini. Nilikufungia siku ya mazishi. Ulishika jeneza, ukatupa udongo, ukaondoka bila kuingia ndani kwa mama. Nilikuwa nimekaa sakafuni na wanawake, nikatoa simu chini ya shuka, nikabonyeza. Hiyo ni siku arobaini kabla hujaapa. Kwa hiyo uliposimama kwenye hitma ukasema hutasema nami tena, mimi nilikuwa nimeshaacha kusema nawe, na hakuna aliyejua. Wewe uliapa mbele ya watu, watu wakakulaumu. Mimi nilibonyeza tu, nikaendelea kupewa pole na kuitwa binti mvumilivu. Nilipenda kuitwa hivyo. Sikumwambia mama, wala Zakaria.

Mambo ya kioo cha wodi nimemsomea mama. Alikwenda jikoni, akarudi, akaniambia, "Machungwa yote, peke yake?" Halafu akalia sana. Mimi sikulia. Nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba nilitaka kurudi siku ile nifungue mlango nikuvute kwa kola. Ulikuwa umbali wa kitanda kimoja. Baba alikuwa macho, baba mdogo. Angekuona.

Hilo sijakusamehe. Nimejaribu tangu Jumanne. Nimeketi, nimelala, nimetawadha. Shekhe wako akiwa na lingine aniambie.

Fomu ya kadhi nimeirudisha Alhamisi, tupu. Yule karani akauliza walii amekubali? Nikasema ndiyo, ni mimi ndiye bado.

Namba yako nimeifungua leo asubuhi. Kidole kilikataa mara mbili. Lakini usipige. Kwenye simu nitakuwa mpole, nitasema hamna shida, na nitakuwa ninadanganya. Wala usingoje tarehe 25, watu watakuwa wengi na sisi wawili mbele ya watu tunaharibika. Njoo Jumatano baada ya Alasiri, peke yako. Mama atakuwa ndani. Bisha hodi, atakayekufungulia ni mimi.

Nitakuwa bado nimekasirika. Nakuambia mapema usije ukauona uso wangu ukageuka. Ingia hivyo hivyo.

Mbula